Wavu wa Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kalokol, Msimamizi wa Kituo cha kuchunguza ndege hakuniuliza vyeti. Alinisalimu "Ejok," nikaitika, kisha akaniuliza, "Unajua kuhesabu?"

"Najua, mzee."

"Asubuhi ukifungua nyavu tisa, jioni unafunga ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Cheka tu," alisema. "Kuna watu walifunga nane."

Ninyi vijana mnaofuata ndege kwa simu, ngojeni niwaeleze. Wavu wa ndege ni mwembamba kama nywele, unasimamishwa kati ya nguzo mbili. Ndege hauoni. Anaugonga, anadondokea kwenye mfuko wake na kubaki hapo. Unamtoa taratibu, unampima ubawa na uzito, unamvisha pete mguuni kwa koleo maalumu. Pete ina namba, na namba inaandikwa kitabuni. Akinaswa tena kwingine, namba inasema alikotoka. Mbayuwayu walitufikia wakikimbia baridi ya Ulaya, wakapita kwenda kusini, na mwezi wa tatu wakarudi kuelekea kaskazini. Jioni kila wavu hukunjwa na kufungwa kwa kamba, maana ukisahaulika wazi, jua la Turkana halingoji mtu.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Lodwar, kwenye vichaka vya mathenge kando ya mto Turkwel. Huko nikajiona fundi, na kiburi kikazaa tabia mbaya: nilijaza kitabu cha jioni mchana. "Nyavu zilizofungwa: tisa." Wino ukishakauka ndipo naenda kuzifunga. Niliona ninaokoa muda.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, vumbi liliinuka ghafla hata mto usionekane. Nikafunga nyavu macho yamejaa mchanga, nikakimbia bila kuzihesabu; kitabu kilishasema tisa. Jumapili nilikuwa kanisani. Jumatatu asubuhi nikakuta wavu wa tisa uko wazi, na ndani yake mbayuwayu kumi na mmoja, wamekauka, vichwa chini. Mmoja alikuwa na pete niliyomvisha mwenyewe Jumamosi ile ile. Namba yake iliishia 417.

Nililia, sioni haya kusema. Kisha nikaogopa kufukuzwa. Niliwafukia wote chini ya mathenge, pete na yote, nikauchoma ule wavu, nikamwambia Msimamizi wa huko kwamba umepeperushwa na upepo. Aliniamini. Alinipa mwingine.

Nilipousimamisha huo mpya mahali pale pale, haukunasa kitu. Nyavu nyingine nane zilinasa kama kawaida. Lakini huu, saa ambazo hapakuwa na upepo wala jani linalotikisika, mfuko wake ulivutika chini kama umebeba uzito. Nikikaribia, mtupu. Nikigeuka kuondoka, unavutika tena. Mama mmoja aliyekuja kukata mathenge ya kuchoma makaa alisimama, akatega sikio.

"Baba ya ndege, hapa iko nini? Mimi nasikia mabawa."

"Hakuna kitu, mama."

Alinitazama, akachukua panga lake, akaenda kukata kwingine. Sikumwona tena upande ule.

Miezi michache baadaye nilihamishiwa Kakuma, nikashukuru Mungu. Mkubwa wangu huko alikuwa mtafiti, mwanamke mkali tuliyemwita Daktari. Aliyejaza kitabu cha namba alikuwa Mama Furaha, mkimbizi kutoka Kongo, mwenye mwandiko wa kupendeza. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja nilimtoa mbayuwayu wavuni, nikaona tayari ana pete. Nikaigeuza kuisoma.

"Namba, papa?" Mama Furaha aliuliza, kalamu mkononi.

Niliigeuza tena ile pete.

"Papa, juu ya nini hausomi? Uko mgonjwa?"

Ndege alikuwa hai, ana joto kiganjani mwangu, moyo unampiga. 417. Nilisoma namba nzima mara tatu, kisha nikampa Daktari aisome. Yeye alifungua nakala za kitabu cha Lodwar, akapiga kofi mezani kwa furaha.

"Huyu ni wako! Umemvisha pete mwezi wa tatu, ameenda Ulaya amerudi! Safi sana!"

Akamwachia. Ndege alizunguka juu yetu mara moja, bila sauti, akashika njia ya kusini.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua, na uongo wangu ulikuwa umenigeukia sifa. Lakini niliona wazi kwamba nikiipokea ile sifa, wale kumi na mmoja watakuwa hawakuwahi kufa, wala hawakuwahi kuishi. Siku ya tatu nilimweleza Daktari kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua ufunguo wa gari. "Twende Lodwar," alisema.

Tulifika jua liko utosini. Nilichimba kwa mikono. Yalitoka manyoya, vifupa, na mguu mmoja wenye pete. Daktari aliifuta kwa kitambaa, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, mpaka nne, moja, saba. Vichaka vilikuwa kimya. Kisha sote wawili tukasikia mabawa, karibu sana, namna ndege anavyopapatika wavuni. Siku hiyo hapakuwa na wavu wowote uliosimamishwa.

"Kiwanda cha pete hukosea," Daktari alisema bila kunitazama. "Wanaweza kugonga namba moja mara mbili." Akanipa kalamu. "Waandike waliokufa. Wote."

Niliwaandika, nikapewa barua ya onyo, na niliistahili. Tangu siku hiyo mpaka nastaafu sikuandika tena jambo kabla halijatendeka.

Sasa nakaa Nawoitorong, magoti yamechoka. Mwezi uliopita alinijia ofisa kijana anayeingiza vitabu vyetu vya zamani kwenye kompyuta. Alikuwa na ukurasa ule wa waliokufa.

"Mzee, sistimu inakataa. Pete moja, ndege amekufa mwezi wa tatu, halafu wa kumi na moja ako hai. Lazima nifute mmoja. Nifute yupi?"

Nilimwomba anisomee mistari yote ya ukurasa ule, taratibu. Alisoma. Niliuona mwandiko wangu wa siku ile, unavyoyumba.

"Futa aliye hai," nikamwambia. "Yeye alikuja mwenyewe kujieleza. Hao waliokufa hawana mahali pengine walipoandikwa."