Nyayo za Watu Watano Juu ya Kyondo

Siku yangu ya kwanza katika kikosi maalum cha milimani nilivuliwa viatu. Tulikuwa vijana kumi na wawili, wote wazaliwa wa vilima vya Rwenzori, na kila mmoja alikuja akiwaza bunduki yenye darubini na kuruka kutoka helikopta. Mkufunzi mkuu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alitupanga mbele ya tope, kwenye kambi ya mafunzo juu ya Nyakalengija.

"Vua! Pita hapa, halafu geuka. Angalia mguu yako inasema nini."

Kwa wiki tatu hatukushika bunduki. Ninyi vijana mnaona kwenye simu zenu wanaume wenye misuli wakivunja milango, mnadhani hicho ndicho kikosi maalum. Kabla watu ishirini hawajalala porini kumvizia mtu, lazima mmoja awaambie wanamvizia nani. Mimi nilifundishwa kuwa huyo mmoja. Kisigino kikizama sana, mzigo uko mabegani. Vidole vikichimba, mtu ameinama mbele, au anateremka. Umande ukiwa umelala ndani ya unyayo, aliyepita alipita kabla ya mapambazuko.

Siku moja mkufunzi aliniuliza kuhusu unyayo fulani.

"Mtu mwenye mzigo, afande."

"Mzigo ya nini?"

"Labda risasi, afande."

"Labda iko wapi kwa hii tope? Kama haujui, sema haujui! Bunduki inaamini kile wewe unasema."

Nilicheka moyoni. Nilimwona mzee msumbufu.

Baadaye nilipelekwa Bwera, mpakani, nikiwa koplo. Mkuu wetu wa kombania alikuwa kapteni mkimya, msomi, ambaye hakupandisha sauti hata akikasirika. Aliniamini kupita kiasi, na mimi nilivimba kichwa. Waasi walikuwa wanavuka kutoka ng'ambo kwa makundi madogo, wakivaa gambuti, viatu vile vile vya mpira ambavyo kila mkulima wa huku huvaa shambani.

Asubuhi moja nikaona nyayo za gambuti vilimani juu ya Kyondo. Watu watano, mmoja nyuma ya mwingine, mizigo mizito. Nilizifuata mteremkoni, kisha kwenye kipande tambarare katikati ya mibuni, mahali walipopumzika. Nikarudi kwa kapteni.

"Wapiganaji watano, afande. Wanaelekea mtoni."

"Una uhakika?"

"Uhakika, afande."

Tulikata njia ya mkato tukafika mtoni mbele yao. Kapteni akapanga watu kwenye ukingo wa pili. Sheria ya kuvizia ni moja: hakuna kusogea, hakuna kukohoa, mpaka mkuu afyatue risasi ya kwanza. Jua lilikuwa limeshapanda, na matete ng'ambo ya mto yakaanza kutikisika.

Hapo ndipo nilipokumbuka vidole, yaani ncha za zile gambuti. Vilichimba mteremkoni, na hilo halikunishangaza. Lakini vilichimba pia kwenye tambarare, pale kwenye mibuni. Niliviona kwa macho yangu nikavipita. Askari hubeba mabegani. Anayetembea ameinama mahali tambarare ni mtu aliyepitisha kamba ya mzigo kwenye paji la uso, kama mama yangu alivyobeba kuni na mihogo maisha yake yote. Unyayo ule niliujua kabla sijajua kusoma, nikajifanya siujui kwa sababu nilikuwa natafuta waasi.

Sikuwa na hakika. Wenzangu ishirini walikuwa wamelala pale wakitegemea ukimya wangu. Nikasimama wima, nikapaza sauti: "Msipige! Msipige!"

Kutoka kwenye matete akatokea bibi kizee aliyeinama, kamba kwenye paji, sufuria na magodoro mgongoni. Nyuma yake wanawake wanne.

"Sisi beko batu ya Beni," mmoja akalia kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, mikono juu. "Tunakimbia vita tu! Musituue!"

Kapteni alinisogeza pembeni.

"Kama ilikuwa adui, leo ningezika watu wangapi?"

"Sijui, afande."

"Hiyo sijui, asubuhi ilikuwa wapi?"

Alininyang'anya ukoplo, nami sikulalamika. Nililinda lango la kambi Kasese muda mrefu, kisha nikaazimwa kwa kikosi maalum cha polisi, kufundisha. Huko niliwavua vijana viatu. Nilistaafu nikiwa sajenti na sasa nalima kidogo Bulembia, magoti yakiniruhusu.

Watu hunisifu. Hadithi iliyobaki ni kwamba nilisimama mbele ya bunduki nikaokoa wanawake watano. Yule aliyelia mtoni alibaki Bwera, anauza maharage sokoni, na kila nikienda huniita "papa", akijaza kikombe na kuongeza konzi mbili juu. Nilizipokea konzi hizo miaka mingi.

Siku ya soko iliyopita nilimwambia. Kwamba bunduki hazikwenda mtoni zenyewe, ni mimi niliyezipeleka. Kwamba niliulizwa kama nina uhakika, nikajibu ninao.

Mkono wake ukasimama ndani ya gunia.

"Mama yangu njo alikuwa mbele," akasema.

"Najua."

Akachota maharage, akapitisha kiganja juu ya kikombe mpaka yakawa sawa na ukingo, akanimiminia mfukoni. Hakuongeza kitu. Nikamshukuru, nikaondoka na kipimo changu.