Mikono Tu, Uso Usiuguse

Sharti la Bi Mwanasiti, msuka mikeka wa mtaa wa Mabawa, lilikuwa moja: Samiha, binti wa kaka yake, achore mikono tu, uso asiuguse. Samiha alikubali. Michoro yake yote ya chuo ilipaswa kujibu swali moja, "Mikono ya mama zetu inajua nini?" Basi Mwanasiti akavua mtandio kwa sababu ya joto, akaendelea kusuka ukili wa mkeka bila wasiwasi.

Siku ya maonyesho ya chuo alijikuta mchoroni ukutani, uso na kichwa wazi, wanaume wakimtazama.

"Shangazi, mwalimu alisema mikono peke yake haijibu swali."

"Kwani mwalimu ndiye niliyemvulia mtandio?"

Samiha alifaulu vizuri. Mwanasiti, aliyemlea tangu utotoni, hamwamini tena.