Manukato ya Mama wa Maabara

Mama wa maabara hana harufu yoyote: si ya sabuni, si ya mafuta ya nywele. Kila mwezi hunitoa damu kwa ajili ya utafiti wa pumu, na kichupa kikishajaa hukipindua polepole, juu chini, kama anayembembeleza mtoto mchanga. "Jeni tunazo sote, mwanangu," aliniambia mara ya kwanza. "Ila kwenye chembe zako za kinga, hao askari wa mwili, kuna jeni zinazowaka hata kama adui hayupo. Tunatafuta kinachoziwasha." Akacheka, maana nilishaanza kuutazama mlango.

Juzi nilimkuta amevaa gauni linalometameta chini ya koti jeupe, nywele zimesukwa zikasukika. Bintiye alikuwa anaolewa mchana ule. Nikamtania, "Mama wa bibi harusi, hata tone la manukato?" Akafungua mkoba, akanionyesha chupa, bado imo ndani ya boksi lake. "Nitajipaka ukishaondoka. Wewe ukibanwa kifua hapa, huko nitacheza kwa moyo gani?"

Nikanyoosha mkono, nikavuta pumzi, ikaingia yote.