Kurasa Nyeupe za Shangazi Emmeline

Mkaidi kama Redfern Blackned usingempata pwani yote ile ya Ghuba ya James, kaskazini mwa Kanada. Kazi yake kutengeneza pikipiki za theluji, lakini kompyuta yake aliifuta yote akaweka mfumo wa Linux, kisha akaihubiri hata kwa wasiomuuliza. Majira mawili ya baridi alishinda jikoni kwa shangazi yake Emmeline, asiyejua Kiingereza wala Kifaransa, akiandika visa vyake kwa herufi za Kikrii, lugha ya kwao, na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili. Shangazi alitaka kitu kimoja tu: akisome kitabu chake kwa macho yake mwenyewe. Daktari alishamwambia macho hayana muda.

"Bado naona," alijibu kila alipoulizwa. "Naona hata hujanyoa."

Redfern angeweza kukiandaa kwa programu ya kawaida kama watu wengine. Thubutu! Alitaka ule mtambo wa kupanga chapa wanaoutumia maprofesa, unaoamriwa kwa maandishi, ili kila herufi ikae mahali pake. Kuuweka tu kwenye kompyuta kulimtoa jasho. Intaneti ya kijiji ilikatika kila upepo ulipovuma; kifurushi hiki cha programu kikiingia, kile hakipo. Akirekebisha kosa moja, mtambo unamtapikia maonyo skrini nzima. Miezi ikapita. Mwisho akachoka, akauamuru unyamaze, useme makosa peke yake. Akabonyeza. Kimya. Kitabu hicho, PDF nzima! Akatazama jalada lenye picha ya shangazi, akatazama orodha ya yaliyomo kwa Kiingereza, akaituma kwa mchapaji kusini huku akicheka peke yake.

Masanduku ya vitabu yaliletwa na ndege siku ya karamu ya kukizindua. Ukumbi umejaa, bata bukini wananukia, na nakala ya kwanza akapewa mwenye visa. Shangazi akaifungua katikati, akaisogeza puani.

"Redfern," akaita. "Mbona kweupe?"

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Binamu yake Redfern, Roderick, akafungua nakala yake na kicheko kikamkauka. Kiingereza kilikuwepo. Upande wa Kikrii, kitabu kizima, hakuna hata nukta. Jamani, Redfern nusura azimie!

"We fundi!" Roderick akamaka. "Umetuchapishia theluji?"

Redfern alitimua mbio mpaka nyumbani. Akauruhusu mtambo useme, nao ukasema: herufi haipo, herufi haipo, skrini mpaka skrini. Fonti, yaani ule mtindo wa herufi alioupenda kwa uzuri wake, haikuwa na herufi za Kikrii hata moja, na mtambo, badala ya kugoma, uliziruka zote ukaendelea na safari. Alipokuwa akiandika alikuwa akiziona vizuri, kumbe kompyuta ilikuwa ikiziazima kwenye fonti nyingine. Dawa yake? Mstari mmoja. Mmoja, jamani! Alitamani kujizaba kofi. Akachapa ukurasa mmoja kwa printa yake, herufi kubwa kama kucha za kidole gumba, akarudi ukumbini akihema.

"Shangazi, nisamehe. Hii hapa sasa, soma."

Ukumbi ukatulia kumsikiliza. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaileta karibu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "umekosea tena. Bado kweupe."

Redfern akamtazama Roderick, Roderick akaitazama karatasi. Ilikuwa imejaa herufi nyeusi tii, juu mpaka chini. Shangazi akausikia ukimya wa ukumbi mzima, akaelewa kuwa karatasi haikuwa nyeupe. Akaikunja karatasi taratibu, akaiweka mapajani.

"Lo, shangazi!" Redfern akauliza. "Tangu lini?"

"Macho yalianza kuniishia ulipoanza kuhangaika na huo mtambo wako," akasema. "Sikutaka kukuharakisha. Ulikuwa unafurahi kweli."