Ndevu za Mahindi na Jiwe la Baba

Kwa nini jiwe liote ndani ya mtu mmoja tu, katika nyumba ambayo wote tunakunywa maji ya mtungi mmoja? Nilimuuliza daktari swali hilo siku alipotuonyesha picha ya figo ya baba, akajibu kwamba miili haifanani. Sikuridhika. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi Tabora na shahada yangu ya sayansi, na jibu la namna hiyo niliona ni la kufukuzia watoto.

Baba ni seremala, ana karakana Kanyenye. Maumivu yalimkuta akipiga randa ubao wa mninga, yakamkalisha chini kwenye maranda. Daktari alisema jiwe ni dogo, huenda likatoka lenyewe. Alitupa wiki mbili: baba anywe maji kwa wingi, na akipata homa au mkojo ukikataa kutoka, tukimbilie hospitali. Lisipotoka, atapasuliwa. Baba alikiogopa kisu kuliko jiwe.

Siku ya pili shangazi, dada yake mkubwa, akaja kutoka Itetemia na mfuko wa ndevu za mahindi, zile nyuzi laini zinazochungulia kwenye ncha ya hindi. Akazichemsha kwenye sufuria kubwa, maji yakageuka rangi ya chai hafifu. Nikamuuliza kinachovunja jiwe ni nini hasa, kipimo ni kipi, na nani aliwahi kupona.

"Mwanangu," alisema bila kuacha kukoroga, "hebu na hiyo shahada yako tuichemshe, tuone kama itatoa rangi."

Baba alicheka akiwa ameshika kiuno.

Kipimo kilikuwa hiki: anywe mpaka mkojo uwe mweupe kama maji ya mvua. Nikaanza kuandika kwenye daftari. Majagi mawili kabla ya adhuhuri, mengine mawili jioni. Kufikia siku ya tatu nilikuwa na hakika kwamba ndevu hazina kazi, kazi ni ya maji. Nikamwomba baba anywe maji matupu siku moja tu, kiasi kile kile, nilinganishe.

"Maji matupu nayanywa nikiwa na kiu," alisema. "Dawa nainywa hata bila kiu."

Niliandika na hilo, ingawa sikujua ni la safu ipi.

Daktari alikuwa ametuagiza tulidake jiwe ili lipimwe, kwa hiyo baba aliingia chooni na chujio la chai kila mara. Mama akanunua jingine na kulificha chumbani, asije mgeni akachujiwa chai kwa lile la chooni. Siku ya tisa, baada ya asubuhi ya kuugulia, baba akatoka chooni akiwa ameloa jasho, chujio mkononi. Ndani mlikuwa na kitu cha kahawia, kidogo kuliko punje ya mchele, chenye miiba. Shangazi akakitazama, kisha akanitazama mimi. Akaenda kuosha sufuria yake. Picha ya pili ilionyesha figo safi. Habari ya kisu ikaishia hapo.

Nilibaki na daftari lisilothibitisha lolote, na lile swali la kwanza. Nilishuku chumvi, nikashuku mchicha, nikashuku ukoo.

Miaka mingi baadaye nilipita karakanani kumsalimia fundi aliyefanya kazi na baba tangu ujana wao. Katika mazungumzo akaanza kumsifu mwenzake kwa uchaji. Alisema miaka ile baba alikuwa akitawadha mara moja tu, adhuhuri, na kwa udhu huo huo akaswali mpaka isha. Ili usitenguke kwa haja ndogo, muda wote huo, jua liwe kali namna gani, hakunywa hata kikombe kimoja cha maji.