Komenti za Mwalimu Masila

Kaka yangu Masila alifundisha hesabu huko Kalama miaka mingi, na sauti yake ungeisikia hata ukiwa nje ya geti la shule. Kila mstari aliouandika ubaoni aliueleza kwa kelele: hapa tumegawa kwa mbili, hapa alama imegeuka, wewe umelala? Kisha kansa ikamshika kooni. Jamani, ugonjwa nao una roho mbaya! Si ungeshika hata mguu?

Daktari alipomwambia sauti itaisha, aliamua kuacha kitabu, kwa ajili ya binti yake Kamanthe na wanafunzi wenzake. Kushoto hesabu, kulia maelezo yake, mstari kwa mstari. Alitaka mtoto akikifungua amsikie babake.

Aliyepiga taipu ni Lenny, mwenye saiba, duka la kompyuta, hapo Machakos mjini. Ana programu ya hesabu. Unatia alama ndogo mbele ya kila "sawa na", zote zinajipanga wima, zimenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Masila alifurahia hilo sana. Mkono wake ulikuwa umevimba kwa sababu ya dripu, kalamu haishikiki, basi akawa anamnong'oneza Lenny maneno, mimi kando nampanguza mate.

"Lenny, hizo komenti uziweke kando ya kila mstari."

"Sawa mwalimu, niko na njia yake."

Sasa sikia balaa. Kwa mwalimu, komenti ni yale maneno anayomwandikia mwanafunzi kando ya kazi yake. Kwa akina Lenny, komenti ni maneno ya kujikumbusha tu: unaanza na alama ya asilimia, na yanayofuata hapo hayachapwi. Hawakuulizana. Kwenye skrini kila kitu kilionekana, kaka akaridhika. Lenny naye, kabla ya kuwapelekea wachapaji, akasafisha faili lake na kuzifuta komenti zote. Eti usafi!

Vitabu vilipofika, hata ule mnong'ono ulikuwa umekwisha. Masila akafungua. "Sawa na" zimepangana vizuri, na upande wa kulia ni weupe mtupu. Akafungua ukurasa mwingine, na mwingine. Akapanua mdomo. Woi! Sijawahi kuona mtu mzima akilia namna ile bila kutoa hata mlio.

Lenny aliitwa, akaja, akakaa sakafuni. "Lakini mwalimu, ulisema komenti."

Nilitaka kumzaba kofi, Mungu anisamehe. Kaka alinizuia, akaomba kalamu kwa ishara. Akaanza kuyaandika upya maelezo yake kwa mkono kwenye nakala moja, herufi zikipanda na kushuka. Hakufika mbali. Tulimzika Agosti.

Jana Kamanthe alinijia na nakala hiyo kwenye kibanda changu cha nyanya pale Kyumbi. Akaweka kidole kwenye maneno ya mwisho ya babake: "Hapa tunageuza alama, maana". Baada ya hapo, hakuna kitu.

"Shangazi, maana nini?"

Niliitazama ile hesabu mpaka macho yakaniuma. Wateja walikuwa wanangoja.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Mimi sijui."