Ujumbe Nilioufungua Kabla ya Mwenyewe

Siku ninayoikumbuka, mwanangu Gisèle, ilikuwa Jumanne, nami nilikuwa na kitambaa cha kufutia vumbi mkononi. Nakusimulia kwa sababu ya ile tableti uliyoiacha juu ya kabati langu jana, na ombi ulilokuja nalo kuhusu mume wako Patrick. Uliniambia: "Mama mukubwa, Patrick akikuya kula siku ya dimanche, umuombe telephone yake, useme unataka kuita muntu. Unipatie dakika mbili tu, nitaunga message yake ku tableti yangu. Hatayua." Sikukujibu. Ukabeba mkoba wako, ukaondoka umenuna. Leo nakujibu kwa maandishi, maana mdomoni ungenikatiza kabla sijafika mbali.

Usidhani siku hiyo nilikuwa msichana. Nilikuwa nimekaribia miaka hamsini, na ni juzi juzi tu, simu hizi hizi zilikuwapo. Lakini wivu haukuulizi una miaka mingapi. Ukikuingia unakuwa mjinga wa miaka kumi na minane, huku magoti yanakuuma.

Baba yako mkubwa Chanda alikuwa dereva wa malori makubwa kwenye mgodi wa Kinsevere. Alikuwa akikaa kazini wiki mbili, kisha wiki moja nyumbani hapa Bel-Air, Lubumbashi. Na alikuwa na simu tatu. Moja ya hapa mjini, moja iliyoshika mtandao vizuri kule mgodini, na ya tatu yenye namba ya Zambia ya kuongelea na ndugu zake wa Kasenga, maana wao wako ukingoni mwa mto Luapula na mtandao wa ng'ambo huwafikia haraka. Yeye aliniona kama mtu aliyekwisha kuelezwa mambo yote hayo. Mimi niliona simu tatu. Nikawaza, mwanaume wa simu tatu ana nini cha kugawa mara tatu?

Basi Jumanne hiyo nilikuwa nafuta vumbi kwenye kompyuta ya sebuleni, ile ambayo watoto waliiacha walipooa na kuolewa. Nikaigusa, ikawaka. Mbele yangu nikaona ujumbe wa mume wangu ukiingia mmoja baada ya mwingine, yeye akiwa Kinsevere na mimi nikiwa na kitambaa changu. Alikuwa ameiunganisha hapo ile simu anayopokelea ujumbe wote, ili atoe karatasi fulani ya parokia, akasahau kuifunga. Sikuvunja kufuli la mtu. Mlango niliukuta wazi, nami nikavuta kiti nikaketi.

Nilitafuta jina la mwanamke, nikalipata. Odette. Huyu alikuwa mpangaji wa zamu za madereva. Alimwandikia: "Kesho unaanza saa ngapi?" Naye Chanda: "Saa kumi na mbili." Odette: "Sawa, papa." Mwanangu, wajua hapa kwetu kila mwanaume ni papa, yaani baba, hata muuza mkate. Lakini "papa" ya Odette niliiona imetiwa asali. Nikaisoma mara kumi. Nikajiuliza kwa nini hakuandika "sawa" peke yake akaishia hapo.

Tangu siku hiyo sikuwa na kazi nyingine. Nilinunua mega za intaneti kwa siri ili kompyuta isikatike. Uji uliungua, kengele ya misa ya asubuhi ililia mimi nikiwa kwenye kiti. Chanda kazini hakuruhusiwa kupanda lori na simu. Aliiacha ndani ya kabati la chuma kila asubuhi, akaitoa jioni. Kwa hiyo mchana kutwa ujumbe wake niliufungua mimi wa kwanza. Kila ulioingia niliubonyeza, nikautazama, nikaupita. Sikufikiri kwamba ukishafunguliwa hapa, ile alama ya kijani ya ujumbe mpya inatoweka kule kwenye simu yake. Wala sikufikiri kwamba aliyeutuma anaonyeshwa alama mbili za bluu na kuelewa kwamba umesomwa.

Kulikuwa na wivu mwingine pia, na huu sijawahi kumwambia mtu. Wivu wa lugha yao. Sisi ni watu wa Kasai, mimi nilizaliwa hapa Bel-Air, na Kibemba sikijui. Chanda akiongea na ndugu zake kwenye ile simu ya Zambia alikuwa anacheka kicheko ambacho mimi hakunipa. Nikimuuliza wanasema nini, anafuta machozi ya kucheka na kuniambia, "Haina kintu, Mama Béa, ukitafsiri haichekeshe tena." Mimi niliona ananifungia mlango usoni. Sikuomba anifundishe. Nilinuna miaka ishirini na mitano.

Siku moja mchana ukaingia ujumbe wa kaka yake mkubwa, Yaya Mwape (hapa kwetu yaya ni ndugu mkubwa), kutoka Kasenga. Nikaufungua. Mistari mitano ya Kibemba. Nikasema peke yangu, "Wameanza tena vichekesho vyao," nikaufunga kwa hasira na kurudi kwa Odette wangu. Nakwambia ukweli, haikuchukua muda wa kumeza mate.

Siku ya nne simu yangu ikalia. Alikuwa mke wa Yaya Mwape. Alikuwa analia, akaniambia: "Mama amekufa asubuhi. Chanda iko wapi? Tuko tunamungojea tangu siku ine!" Nilikwenda kwenye kompyuta, nikautafuta ule ujumbe, nikamwita jirani yetu Mama Musonda, Mbemba wa kweli, nikamwomba anisomee. Alisoma, akaweka mkono mdomoni. Ulisema mama anaumwa, anamtaja Chanda kila saa, na aje mama akiwa angali na sauti.

Nilichomoa nyaya zote za kompyuta. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofanya, mwanangu. Mama mkwe amekufa, na mimi naficha kompyuta.

Kwenye kilio huko Kasenga nilikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake. Chanda alikuwa ameingia na vumbi la njia lote mwilini. Yaya Mwape hakumkumbatia. Alisimama mbele ya wajomba na shangazi wote akasema: "Chanda, ulisoma. Tuliona ulisoma. Nilimwambia mama, Chanda amesoma, iko njiani. Juu ya ile sikukuita kwa simu. Aliuliza kila motoka yenye ilipita. Siku ine anauliza motoka. Juu ya nini haukukuya?"

"Yaya, sikuiona," Chanda alisema. "Naapa mbele ya maiti ya mama, sikuiona."

Yaya Mwape akatoa simu yake, akamwonyesha zile alama mbili za bluu. Watu wakainama kuziangalia, mmoja baada ya mwingine. Chanda naye akatoa ya kwake, akaufungua ujumbe, akautazama muda mrefu sana. Mwisho akakaa chini.

Na mimi? Mimi nililia. Nililia kwa sauti kuliko binti za marehemu, nikajipiga kifua, mpaka shangazi zake wakanishika mabega na kusema kwamba Chanda hana moyo lakini alioa mwanamke mwema. Nilikuwa nalilia woga wangu, mwanangu, na watu wakanisifu.

Tukarudi Lubumbashi. Ndugu zake wakaacha kumwita. Ile simu ya Zambia ikawa hailii tena nyumbani mwetu, na wivu wangu ungepaswa kushangilia, maana kicheko kile sikukisikia tena. Chanda akaanza kufungua kila ujumbe mara tatu. Akawa ananiuliza mezani, kijiko hewani: "Mama Béa, muntu anaweza kusoma ugonjwa ya mama yake na kusahau?" Nikamwambia ni uchovu. Niliweza kumwambia hivyo na kumwongezea bukari, ugali wetu, kwenye sahani yake.

Kisha Jumapili moja, tumetoka misa, akaleta barua aliyoiandika kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya wamisionari. Alitaka niisome kabla hajaipeleka. Alikuwa anaomba kuacha udereva. "Kichwa yangu imeharibika," alisema. "Muntu mwenye anasahau mama yake atakumbuka namna gani kufunga frein? Nitaua bantu kule." Aliongea kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuamua. Miaka ishirini na mmoja ya kazi alikuwa ameikunja ndani ya ile karatasi, kwa sababu yangu.

Nilipiga moyo konde. Nikamwambia kila kitu, kompyuta, mega, Odette, mistari mitano. Sikulia. Machozi nilikuwa nimeyatumia vibaya Kasenga, niliona haya kuyaleta tena.

Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliuliza, "Kila siku ulikuwa unasoma?" Nikasema kila siku. Akauliza, "Na kwa Odette ulipata nini?" Nikasema, "Saa ya kuanza kazi." Akaichana ile barua taratibu, vipande vidogo vidogo, akavipanga mezani. Kisha akasema: "Utaenda Kasenga. Utamwambia yaya na kinywa yako. Mi sitakusindikiza."

Nilikwenda peke yangu. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika nilimkuta Yaya Mwape anatengeneza nyavu nje ya nyumba. Nilimwambia nimesimama, maana hakunikaribisha kiti. Alisikiliza mpaka mwisho, vidole vikiendelea na nyavu. Nilingoja anifukuze, ningeshukuru. Aliinua macho, akanitazama kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

"Weye njo ule mwenye alilia sana," alisema.

Basi. Aliingia ndani, nikamsikia anaita Chanda kwenye simu, kisha nikamsikia mtu mzima wa miaka sitini na mitano analia kwa Kibemba. Sikuelewa neno hata moja, na kwa mara ya kwanza sikutaka nielezwe. Haikuwa yangu.

Sasa nisikilize vizuri, Gisèle. Sikuandikii kwamba Patrick ni malaika. Simjui Patrick, namjua anavyokula tu, na anakula sana. Huenda ana Odette wake, na huenda wa kwake ni wa kweli. Wala sisemi wivu utakuishia ukizeeka, maana mimi wa kwangu upo hapa hapa. Jana tu baba yako mkubwa alitabasamu akiangalia simu na shingo yangu ikawaka moto. Anazo bado zote tatu. Tangu nilipotoka Kasenga, kila jioni anazipanga mezani mbele yangu, ziko wazi, hazina kufuli, kisha anatoka kwenda kuoga. Anachukua muda mrefu kuoga. Sijui kama ni msamaha au ni adhabu, na kumuuliza naogopa. Mkono unaniwasha, naukalia.

Nasaha yangu ni hii. Ukiwa na shaka na mume wako, mwulize mdomoni, mkiwa mmekaa, jua likiwa juu, na uwe tayari kusikia jibu. Akikudanganya, dhambi itakuwa yake. Lakini ukiingia kwenye ujumbe wake kwa mlango wa nyuma, hutachagua utakachokigusa. Utakuwa unamtafuta mwanamke mmoja, na mkono wako utapita juu ya mama yake, juu ya mwalimu wa mtoto, juu ya mgonjwa anayengoja, na kote utakakopita utaacha alama inayosema yeye amesoma, amejua, amenyamaza. Wao watamhukumu yeye kwa macho yako. Na kama wewe mwenyewe una simu mbili au tatu, hesabu kila mahali ulipouacha ujumbe wako umeunganishwa, ufunge. Siyo kwa kuwa una la kuficha. Ni kwa kuwa watu wamekuandikia wewe.

Tableti yako nimeifunga kwenye kikwembe, kile kitenge alichonipa mama mkwe mwaka nilipoolewa. Jumapili mje wote wawili, nitapika samaki wa Kasenga, Yaya Mwape ametuma. Simu ya Patrick itabaki mfukoni mwake. Kikwembe unirudishie.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe mume wa kweli na nyumba yenye vicheko, hata vile usivyovielewa. Akupe ujasiri wa kuuliza. Na siku mama yako atakapokuita, sauti yake ikufikie wewe mwenyewe, wa kwanza, ukiwa bado na muda wa kupanda gari.